Upande wa Mbung'o

Katapila la barabara limeng'oa sakafu ya nyumba ya giza. Nimeliona mwenyewe, kwa macho yangu haya yenye ukungu. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye lori langu, tunatoka Itigi na madumu ya asali, na tulipofika Mkuzani dereva akapunguza mwendo kwa sababu ya vumbi la mafundi wa barabara. Nikamwambia asimame. Nikashuka. Kijana mmoja mwenye kofia ngumu ya njano alikuwa anasukuma vipande vya zege mtaroni kwa koleo, na kutoka chini ya zege ile ikapanda harufu. Udongo uliofunikwa miaka mingi, na ndani ya udongo ile dawa waliyokuwa wakiipuliza mle zamani, kali, kidogo kama mafuta ya taa, kidogo kama jasho la punda.

"Shikamoo bibi. Sogea kidogo, utaumia."

"Marahaba. Mnajua mnachobomoa?"

"Choo cha zamani."

"Choo cha nani?"

"Sijui, bibi. Tumekuta zege tu." Akanitazama. "Unalia?"

"Silii. Nina mtoto wa jicho."

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili. Fanya kazi yako."

Choo! Nimerudi nyumbani nimekaa siku nzima nina hasira na lile neno. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa mkono wangu, na mkono wangu uliishia darasa la pili, herufi zangu zimelala kama mtama uliopigwa na upepo. Lakini mashine ya kukamua alizeti ni yangu, lori ni langu, na nyumba ninayolala nimeijenga bila mwanaume kunishikia ngazi. Sitamwomba mtu aniandikie habari ya kwetu. Wenzangu wa rika langu, mnaokumbuka kaniki mpya ilivyonuka siku ya kwanza na ilivyokuachia rangi shingoni, ninyi mtanielewa. Hawa wa kofia za njano wasome wakipenda.

Mkuzani ilizaliwa na nzi. Hakuna mtu aliyekaa akasema hapa pazuri, tujenge. Upande wa kaskazini ilikuwa nchi ya ng'ombe, weupe mtupu, majani mafupi, tembe zetu zimeinama chini na mazizi ya miiba pembeni. Upande wa kusini vilianza vichaka, vile vya Itigi, vilivyosokotana mpaka mtu anapita kiubavu. Humo ndimo alimokaa mbung'o. Mnamjua: nzi mkubwa wa rangi ya vumbi, akitua anakunja mbawa moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa, na akikuuma unaruka. Mtu aliweza kuugua kwa ajili yake. Ng'ombe alikuwa anakufa tu.

Basi serikali ikakata mkuza katikati. Walifyeka miti yote, wakang'oa na visiki, pakabaki uwazi mpana unaokwenda mashariki na magharibi mpaka macho yanachoka. Mbung'o hapendi uwazi wenye jua. Lakini anapenda kupanda mtu, anapenda baiskeli, anapenda mzigo, na hivyo anaweza kuvushwa bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo pale njia ilipokata mkuza, ukingo wa upande wetu, ikajengwa nyumba ya giza.

Ukitoka vichakani lazima uingie mle. Unaingia na baiskeli yako, mzigo wako, mtoto wako mgongoni, na mlango unafungwa nyuma yako. Ndani giza la chungu kilichofunikwa, isipokuwa kidirisha kimoja juu chenye wavu. Mbung'o aliyejibanza kwenye mkunjo wa nguo anauona ule mwanga, anauendea, na pale dirishani mlinzi anamngojea. Jina la mlinzi huyo alilopewa na wazazi wake sikulijua kamwe. Sote tulimwita Bwana Mbung'o. Mtu mfupi, kaptura ya kaki, miguu imepinda kama koleo la mhunzi, na mkononi kaufagio kadogo ka kukupangusa mgongo. "Geuka. Inua mikono. Geuka tena. Haya, pita."

Nyumba ya Bwana Mbung'o ikawa ya kwanza. Waliofyeka mkuza wakajenga vibanda, baadhi wakaoa wakabaki. Akaja mwenye duka la chumvi na viberiti. Wanawake wa vichakani wakaanza kuleta asali na nta ukingoni, wanawake wa kwetu wakaleta samli na maziwa mgando, wakabadilishana palepale mbele ya nyumba ya giza. Hicho ndicho kilikuwa kijiji. Baba yangu alijenga tembe yake pembeni kidogo, kwenye malisho, na mimi nilizaliwa humo, mtoto pekee.

Mama alitoka upande wa mbung'o. Kwao walikuwa watu wa asali, mizinga juu ya miti, hawajawahi kufuga hata ndama. Baba, Mnyaturu wa ng'ombe, aliingia vichakani siku moja kutafuta asali akatoka na mchumba. Alitoa mbuzi, akatoa majembe, na ng'ombe akaahidi. Miaka ikapita. Meno yangu ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka mjomba alipokuja kuwadai.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu mrefu mwenye kikohozi, amekaa kwenye kigoda uani kwetu kama amekuja kukinunua. Bwana Mbung'o aliitwa awe shahidi kwa kuwa hakuwa wa upande wowote. Mimi nilikuwa juu ya dari la tembe nalinda uwele ulioanikwa usiliwe na ndege, nawasikia chini yangu kama niko nao.

"Ng'ombe wako tayari," alisema baba. "Wako zizini pale, watazame. Lakini shemeji, ukiwapeleka kwenu watakufa."

"Wafe kwetu," alisema mjomba.

Bwana Mbung'o akacheka, kisha akaona ni peke yake anayecheka. "Sikilizeni wazee. Waacheni hapahapa. Waitwe ng'ombe wa shemeji, walale zizi hili, maziwa yake apelekewe. Watu wangapi wanaweka ng'ombe kwa rafiki!"

"Ng'ombe anayelala zizini mwa shemeji ni wa shemeji," mjomba akasema. "Dada yangu ametoka kwetu mchana, watu wanamwona. Ng'ombe nao waingie mchana, watu wawaone. Au sisi watu wa asali si watu wa kuletewa ng'ombe?"

"Mimi sijasema hivyo," baba akasema.

"Basi watoe."

Nilijua tangu utoto kwamba baba angeweza kukataa. Mtu mwenye akili angekataa. Lakini kwetu ukishaulizwa mbele ya shahidi kama unawadharau wakwe zako, huna pa kupita. Baba akasimama akafungua zizi mwenyewe. Niliwatazama kutoka juu ya dari wakivuka mkuza, wamenona, mikia inapepea, na mjomba nyuma yao amenyoosha shingo kama bwana harusi. Bwana Mbung'o alisimama kando ya njia ameshika kaufagio kake, hana cha kupangusa. Ng'ombe aliyekwenda kule hakuruhusiwa kurudi.

Walikufa wote kabla mtama haujaiva. Mjomba akaja na ngozi zao zimekunjwa nyuma ya baiskeli, akazipitisha kwenye nyumba ya giza zikapanguswa kama watu, akazitupa uani kwetu. Zilikuwa zimekauka, zilianguka kwa mlio wa mbao.

"Mahari yako hiyo. Imekufa."

"Mahari haifi," alisema baba. "Ilifika kwenu ina miguu. Mliipokea. Nilikwambia."

"Uliniambia kwa kunitakia mabaya. Toa wengine."

"Wafe tena?"

"Toa wengine, au dada yangu anarudi nyumbani mpaka utakapowatoa."

Baba alizitazama zile ngozi, akawa anazijua moja moja, nilimwona midomo inamcheza. Angekuwa mtu wa maneno pengine mambo yangeishia pale kwa ugomvi na pombe. Baba hakuwa mtu wa maneno wala wa pombe. Aliokota fimbo yake akaenda malishoni.

Mama aliondoka siku ileile. Alifunga kaniki yake mpya, ile nyeusi ya kuwaka, akanishika kichwa. Mimi nilikuwa wa baba, mtoto kwetu ni wa upande wa baba, hilo hata mjomba hakulibishia. "Nikiitwa, nitarudi," mama aliniambia. Mtoto huchukua anachokitaka. Nililiacha lile neno la kwanza palepale uani, nikabaki na "nitarudi."

Sasa niwaambie jinsi nyumba inavyokuwa kubwa. Tembe ile ilikuwa na vyumba viwili tu na kikuta cha kuwekea mtungi, lakini mama alipotoka ikapanuka. Nilikuwa naita ndani nasikia sauti yangu ikizunguka. Baba alitoka na ng'ombe alfajiri, alirudi jua likizama, anauliza, "Maji yapo?" Nasema yapo. Anakula upande wake wa ukuta, mimi nakula upande wangu, nasikia anavyotafuna. Hakunipiga hata siku moja. Hakunisemesha pia. Shule niliacha, maana ugali haujisongi, na mwalimu hakuja kuniuliza. Nilizoea kuzungumza na sufuria. Nilikuwa naiambia, subiri, usichemke, mama hajafika.

Watoto wa pale madukani walikuwa na maneno yao. Nikienda kununua chumvi walinizunguka.

"Mtoto wa mbung'o! Geuka tukuone mgongo!"

"Inua mikono!"

"Mama yako kaliwa na nzi, amebaki mifupa na kaniki!"

Nilikuwa natupa mawe, na nilikuwa na shabaha. Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa navua gauni langu nalitazama mgongoni kama lina kitu.

Na hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipotengeneza jambo lake. Nilizoea kukaa karibu na mlango wa nyumba ya giza kuwatazama wanaotoka. Siku moja alitoka mwanamke wa vichakani amevaa kaniki, na Bwana Mbung'o alikuwa amemweka ndani muda mrefu kuliko wengine, mpaka yule mama akaanza kugomba.

"Usinigombeze mimi, gombeza nguo yako," alisema Bwana Mbung'o. "Mbung'o anapenda nyeusi. Ukivaa kaniki unamwita kama mbwa. Ungevaa nyeupe ungekuwa umeshafika."

Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Kumbe! Mama aliondoka na kaniki. Mama hana nguo nyingine. Kila akija hapa mbung'o wanamganda, na Bwana Mbung'o anamrudisha. Yaani nilimwona kabisa kichwani mwangu, mama amesimama kwenye lile giza anageuzwa, anageuzwa tena, nzi hawaishi, anaambiwa rudi. Habari ya ng'ombe na mjomba niliisikia yote kwa masikio yangu kutoka juu ya dari, naijua neno kwa neno, lakini sikuihesabu kuwa ndiyo sababu. Yale yalikuwa maneno ya watu wazima. Mlango ndio uliokuwa na kufuli.

Nguo nyeupe kwetu ilikuwa moja. Kanzu ya baba ya Idi, imekunjwa ndani ya mkeka juu ya boriti, ina harufu ya karafuu.

Asali ilipoiva wanawake wa vichakani walianza kuja ukingoni na vibuyu vyao. Niliwauliza mmoja mmoja. "Unamjua mama yangu? Kaka yake mrefu, anakohoa." Mmoja akasema anamjua, na kwamba safari itakayofuata watakuja pamoja. Siku waliyotegemewa nikaishusha kanzu, nikaikunja ndani ya upande wa khanga, nikaenda kwa Bwana Mbung'o asubuhi.

"Shikamoo. Naomba nikae ndani."

"Marahaba. Ndani ya wapi?"

"Mle. Gizani."

"Watu wanalia kutoka mle, wewe unalilia kuingia?" Alinitazama, akaliona furushi. Hakuuliza la furushi. "Kaa kwenye kona ile. Usiniguse wavu."

Nilikaa mle nusu ya siku. Wenzangu, sijawahi kukaa mahali pa upweke kama pale, na nimekaa pengi. Watu waliingia wakawa pumzi tu, wakatoka. Mlango ukifunguka mwanga unanipiga, ukifungwa naona rangi. Dirishani mbung'o wawili watatu wananguruma kwenye wavu, na ile harufu ya dawa imenikaa kooni. Kisha wakaingia wanawake, vibuyu vinagongana, na kabla mlango haujafungwa nikaona kaniki iliyopauka na mguu ninaoujua. Mama alikuwa na kovu la jembe juu ya kifundo.

"Mama."

Kibuyu kikawekwa chini taratibu. "Nani huyo?"

"Mimi. Usigeuke bado. Vaa hii kwanza." Nikamsukumia kanzu tumboni. Nilikuwa nazungumza haraka, nina hofu Bwana Mbung'o ataanza kazi. "Ni nyeupe. Hawaipendi nyeupe. Ukivaa hii unapita."

Mama aliipokea. Nilisikia anaipapasa, shingo, mikono, pale kwenye kiraka cha kwapa alichokishona mwenyewe. Akaipeleka usoni akainusa. Na alipozungumza sauti yake haikuwa ile ya kwanza, ilikuwa imejaa kitu, kama mtu aliyebeba maji kwa mikono miwili.

"Hii ni ya baba yako."

"Ndiyo."

"Ameitoa yeye?"

Sikuelewa kwa nini anauliza vile. Sikujua kwamba mwanamke aliyeondoka, akipelekewa nguo ya mumewe, ameitwa. Nilidhani ananiuliza kama nimeiba.

"Hapana. Nimeichukua mwenyewe. Yeye yuko malishoni."

"Hajasema kitu?"

"Hajui."

Bwana Mbung'o akasogea na kaufagio kake, akampangusa mama mgongoni, polepole kuliko alivyozoea, juu, chini, akamwambia ageuke. Tulitazama dirishani wote. Hakuna nzi aliyeruka.

"Huyu safi," alisema. Akafungua mlango wa upande wetu, jua likaingia lote. "Pita, mama."

Mama hakupita.

Mlango ulikuwa wazi, mnaelewa? Tembe yetu ilionekana kutoka pale, na mti wa miiba wa zizi, na njia. Nikamvuta kaniki. Nilivuta mpaka nikasikia uzi unakatika. Alikuwa amesimama mzito kama kisiki.

"Amesema pita!"

"Nimesikia, mwanangu."

"Huna nzi hata mmoja!"

"Sina." Akaikunja kanzu ile vizuri, mkono juu ya mkono, akanirudishia. "Siwezi kuingia nyumba ya mtu ambaye hajaniita. Irudishe kabla hajarudi na ng'ombe."

Pale nilijua. Sikuwa na maneno ya kujielezea mwenyewe, lakini nilijua kwamba mlango huu haukuwa na kufuli tangu mwanzo, na kwamba wa kumvusha mama alikuwa malishoni na fimbo yake, kimya. Sikulia. Nilimgeukia Bwana Mbung'o.

"Mtu anayekwenda upande ule naye anakaguliwa?"

"Hapana. Mimi nakagua wanaotoka huko. Anayekwenda simuulizi kitu."

"Hata mtoto?"

Akamtazama mama. Mama akasema upesi, "Mzee, usimwambie hivyo. Baba yake atasema nimemwiba."

"Mimi nimeulizwa kazi yangu, nimejibu kazi yangu," alisema Bwana Mbung'o.

Nikampa ile kanzu. "Umpelekee baba."

"Nimwambie nini?"

Nilifikiri. Mambo mengi yalinijia, mengine ya matusi. "Mwambie mtungi nimeujaza."

Nikatoka kwa mlango wa upande wa mbung'o. Mama aliniita, nikaendelea kutembea katikati ya mkuza, jua linanichoma utosi, mpaka nikasikia vibuyu vinagongana nyuma yangu na hatua zake zinakaza kunifikia. Hakunishika mkono. Alitembea pembeni yangu tu. Tulipoingia kivulini mbung'o wa kwanza aliniuma shingoni, mama akamuua kwa kofi, na kofi lile liliniuma kuliko nzi.

Kuna watu watasema nilimwacha mzee wa watu peke yake. Nilimwacha. Alikuwa na miguu.

Upande ule ndio nilikokulia. Nilijifunza asali mpaka nikaweza kuonja na kukwambia nyuki walikula maua gani, na baadaye nilianza kuibeba mpaka stesheni ya Itigi kuwauzia abiria wa treni madirishani, na huko ndiko maisha yangu yote ya kujitegemea yalikoanzia. Lakini hayo ni ya ukubwani. Wakati ule nilikuwa msichana tu kwenye nyumba ya mjomba, wa kando, mwenye lafudhi ya watu wa ng'ombe. Walinicheka ninavyosema. Mjomba hakunifukuza wala hakunitazama usoni.

Baba hakuja. Angeweza kuja, watu walikwenda na kurudi kila siku. Alituma salamu kwa wapita njia.

"Baba yako anakusalimu," msafiri ananiambia.

Mama yuko pale anachuja asali, macho hayaondoki kwenye kitambaa. "Na wengine hapa hajawasalimu?"

Msafiri anakohoa. "Amesema nimsalimie binti."

"Vizuri," anasema mama, anakamua.

Halafu mpaka ukafa. Watu walizidi kufyeka vichaka kwa ajili ya mashamba, dawa ikapulizwa, mbung'o wakaanza kupotea bila kuaga, mpaka siku moja unagundua hujapigwa kofi la shingo muda mrefu. Nyumba ya giza ikafungwa. Bwana Mbung'o alihamishwa, akapita kwetu kutuaga, amevaa suruali ndefu kwa mara ya kwanza, nikamwona ni mzee. Mwenye duka naye akahama kufuata barabara ilikokuwa na watu. Mkuza ukaota majani, na Mkuzani ikabaki jina ambalo makondakta walilitumia kushushia abiria mmoja mmoja.

Mimi niliona ni sikukuu. Nilikuwa nimeanza kuwa msichana mkubwa, nilijua sasa sababu za watu wazima, na kwa sababu hizohizo nilipiga hesabu yangu: ng'ombe anaweza kuvuka na asife. Mjomba atawapata walio hai, watu wake watawaona mchana kama alivyotaka. Baba atakuwa hajashindwa, kwa kuwa kilichoondoka ni nzi. Hakuna wa kuona haya. Kilichobaki ni yeye kufungua zizi.

Nilimwambia mama hayo yote kwa pumzi moja. Kesho yake akakandika nyumba upya, ndani na nje, akachota udongo mwekundu wa mbali kwa ajili ya kuta.

Na ng'ombe wakaja kweli. Walikuja makundi kwa makundi, wafugaji kutoka kila upande waliokuwa wanayalilia majani yale miaka yote. Nilikuwa nakaa kando ya njia mchana kutwa. Ng'ombe wa baba walikuwa na alama, sikio la kushoto limechanjwa kama mkia wa mbayuwayu. Nilitazama masikio tu. Makundi ya pembe ndefu, makundi ya nundu kubwa, vijana wenye shuka wanapiga mluzi. Niliwauliza.

"Mmetoka wapi?"

"Mbali, dada."

"Mmepita kwenye tembe moja hivi, peke yake, karibu na ile nyumba iliyofungwa?"

"Tumepita."

"Kuna mzee pale?"

"Yupo. Ametupa maji. Haongei sana."

Mama hakuwahi kuja njiani. Alikuwa na kazi kila mara. Lakini alasiri moja lilipita kundi kubwa kuliko yote, vumbi likasimama mpaka juu ya miti, ardhi inatetemeka, na nilipogeuka nikamwona amesimama nyuma yangu, mikono ina nta. Ng'ombe walipita mbele yetu, wanene, wanapumua, wanang'ata majani ya vichaka vyetu kama wamezaliwa hapo. Nilikuwa nimeshayatazama masikio yote mpaka la mwisho.

Macho ya mama hayakuwa kwa ng'ombe, yalikuwa kwangu.

"Wa nani hao?"

"Wa watu, mama."